Kazi ya Mbegu

Harusini Sibu, shangazi Zuwena kanishika mkono:
"Nasikia wewe uko kwenye mambo ya mbegu.
Basi niletee za pilipili mbuzi,
hizi za dukani hazizai."
Nikaitika inshallah, nikaendelea na halua.
Ningeanzia wapi, mbele ya wali na wakwe,
kumweleza kwamba mbegu zangu zina mikia?

Saa kumi na moja alfajiri niko Barka,
kabla jua halijapata nguvu ya kutukana.
Dilmurad anampitisha jike mbele ya Shihabu,
hatua saba tu, kisha anamrudisha,
na Shihabu anapanda gogo lililovikwa ngozi
kwa imani ambayo sijaiona kwa binadamu.
Chupa naipokea kama anavyopokewa mtoto:
kitambaa cha moto, mbio, fungeni mlango.
Tone moja kwenye kioo chenye joto la mwili,
jicho kwenye hadubini, kidole kwenye kihesabio.
Huyu anakwenda.
Huyu anazunguka palepale
kama nzi aliyekatika bawa.
Huyu mkia umepinda. Huyu pia. Huyu pia.
Huyu alikwisha kabla sijamfikia.
Kati ya mia, ishirini na mmoja ndio wanaojua njia.

Muhenna bin Zahir hakutaka kiti.
Nasaba ya farasi wake anaijua kwa moyo,
mama kwa mama, vizazi tisa, bila kukwama;
ya kwake mwenyewe hukwama kwa babu wa nne.
"Andika hamsini, binti. Wateja wa Suhari wako njiani.
Namba tu hiyo."

Nikamwambia: mbegu haiumbwi leo ikatoka leo.
Inapikwa siku hamsini na saba, na ushei.
Tone hili, bwana, ni barua ya Juni.
Juni ulikuwa wapi?

Juni alikuwa Salala,
ananyeshewa na manyunyu ya kharifu,
anakula mishikaki kando ya barabara.
Huku umeme ulikatika siku mbili,
feni ya banda ikasimama, mabati yakaanza kulia,
Dilmurad akamwaga maji kwa ndoo hadi mabega yakafa ganzi,
Shihabu akainamisha kichwa, hakula, hakulalamika,
na mahali fulani ndani yake, kimyakimya,
mikia ilikuwa inapinda.

"Feni," akasema Muhenna. Basi. Neno hilo moja.
Nikaandika ishirini na moja, kwa wino,
na chini yake: apimwe tena Januari.

Njiani kurudi, taa za barabara kuu zikinipita,
nilifikiri habari ya ulimi wangu.
Kiswahili hiki nacho hakikuumbwa hapa.
Kilipikwa Wete, masika, kinywani mwa bibi
aliyeshuka Maskati na sanduku moja na mbuzi ya kukunia nazi,
akakaa miaka thelathini akiuliza mvua iko wapi.
Mimi mkarafuu sijauona ila pichani.
Lakini nikikasirika, nikijikwaa, nikimbembeleza farasi,
kinachonitoka ni hali ya hewa ya kule.
Akinipima mtu leo, atasoma mwezi gani?

Ijumaa shangazi kapiga simu: pilipili je?
Nimekwisha kumnunulia pakiti, na onyo juu yake:
usipande sasa. Maua yatatoka, tena mazuri,
utawaita majirani waje kuyaona,
kisha yatadondoka yote, joto limeyapiga ndani.
Ngoja hadi Oktoba.

Akanyamaza kidogo, nikasikia bangili zake.
"Kumbe ndiyo kazi yenyewe hiyo?
Unalipwa mshahara kwa kuwaambia watu wangoje?"

Ndiyo, shangazi. Nusu yake.